Treni ya Alhamisi Husimama kwa Brehony

Alhamisi moja ya mwezi wa Februari, Attracta Durkan alikuwa jikoni akikata mkate wa soda, na mumewe Phelim alikuwa katika kibanda cha nyuma, kile walichofugia ndama zamani, akilehemu kipande cha mwisho cha reli. Kopo la maziwa lilikuwa mlangoni. Jirani yao, mzee Oweny Brehony, hulileta kila siku akishakamua, na hajapata kukosa, iwe mvua, iwe barafu, iwe siku ya uchaguzi.

Reli hiyo ilikuwa ya mfano, imelazwa juu ya meza ndefu za plaiwudi zilizozunguka kibanda kizima. Palikuwa na stesheni ya Cloonarget, tangi la maji, daraja la mto, geti la kuvushia ng'ombe, na lile tuta linalopita kando ya shamba la kwa Brehony. Reli halisi iling'olewa Phelim akiwa angali anavaa kaptura za shule. Vyuma viliuzwa, mataruma ya mbao yakajengewa mazizi, na kilichobaki ni tuta lenye miiba na maneno ya watu. Phelim alipostaafu kiwanda cha siagi alisema ataijenga upya yote, kama ilivyokuwa mwaka 1923. Babu yake, Mattie Durkan, alikuwa mchochea makaa wa treni ya jioni, na Phelim alitaka kumwona kazini.

Kuhusu Mattie, Cloonarget nzima ilikuwa na hadithi moja. Kwamba mwaka ule, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland vikikaribia kwisha, alipanda treni yake mwenyewe mpaka bandarini, akavuka kwenda Amerika na mwanamke wa mji wa Sligo. Mkewe Nora aliachwa na mtoto wa kunyonya, ambaye ndiye baba yake Phelim. Shamba lao la kando ya reli, kwa kuwa halikuwa na mwanamume, lilichukuliwa na jirani. Nora aliishi miaka mingi akipishwa kanisani kama mwenye upele, akafa bila kulisikia jina la mumewe likitajwa ila kwa kicheko. Jirani aliyelichukua shamba aliitwa Batty Brehony, baba yake Oweny.

Mwanzoni Phelim alifanya kosa wanalofanya karibu wote wanaojenga treni ndogo za Ireland. Reli za Ireland ni pana kuliko za Uingereza kwa inchi sita na nusu, lakini reli ndogo zinazouzwa madukani ni za Kiingereza. Mtu mvivu hununua hizo, akatia treni ya Ireland juu yake, nayo ikasimama imebana magoti kama mtu aliyeshikwa na haja. Wenzake wa chama cha reli ndogo walimwambia, "Nani ataona, bwana? Kwa udogo huu?" Phelim akazilaza hizo hizo. Kipindi chote cha baridi cha mwaka uliotangulia treni ilizunguka salama. Mattie, ambaye Phelim alimchonga mwenyewe na kumpaka rangi, alipita getini kwa Brehony amesimama na koleo lake, akapotea nyuma ya pazia, mahali ambapo bandari ingekuwa.

Lakini Phelim hakuridhika. Kila alipoitazama aliona ule mbano wa magoti, na mbano ule ulikuwa uongo. Akazing'oa zote, akaanza upya kwa mkono, taruma kwa taruma, kwa upana wa kweli wa Ireland. Kazi hiyo ilimmaliza macho na ikampa mkewe muda mwingi wa kusikiliza redio kwa raha zake.

Basi Alhamisi hiyo alilehemu kipande cha mwisho, akawasha umeme. Attracta aliingia na sinia la chai treni ikiwa inavuka daraja. Ilifika getini kwa Brehony ikasimama, ingawa umeme ulikuwa bado unapita. Wanaume watatu wakatoka kwenye miiba. Phelim alikuwa ametengeneza miiba tu, hakuweka watu.

Mmoja, aliyejifunga kitambaa usoni, alimnyang'anya Mattie koleo, akampiga nalo magotini. Mattie alianguka kutoka kwenye injini akiwa mzima mzima. Wakamburuta juu ya kokoto huku wakimpiga mateke, na mkono wake mmoja ukavunjika ulipokwama kwenye reli, mvunjiko uliosikika wazi kabisa, kama kijiti cha kiberiti. Aliliita jina la Nora. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Mwenye kitambaa akamkanyaga shingo, akampiga risasi mbili za uso. Kisha wakachimba shamba kwa koleo lake mwenyewe, wakamfukia, wakalirudishia majani. Dereva alikuwa akitazama saa yake. Abiria, ambao Phelim aliwabandika kwa gundi wakitazama dirisha la upande huo, walikuwa wamegeuza shingo wote, wanatazama upande wa pili. Treni ikapiga honi ikaendelea na safari.

Attracta akaweka sinia chini. "Hao watatu umewanunua wapi?"

"Sikuwanunua."

"Kwa hiyo hakwenda Amerika."

"Hakwenda," alisema Phelim, akalia, mtu mzima, mkono ukiwa bado kwenye swichi. Attracta akapiga ishara ya msalaba, akamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa vile vile, na iliyofuata tena. Neno likatoka baada ya misa, watu wakaanza kuja na viti vyao na keki za zabibu. Mwenye duka alimtambua bibi yake ndani ya behewa la pili, mwenye kofia ya buluu, akafurahi sana. "Mwone! Na shingo yake ile ile ya maringo!" Hakuna aliyeuliza bibi alikuwa anatazama nini upande wa pili, maana upande huo palikuwa na ukuta wa kibanda tu. Sajini wa polisi naye alikuja, akatazama mauaji mwanzo mpaka mwisho kofia ikiwa mapajani, akala vipande viwili vya keki.

"Ni mauaji, sikatai," alisema. "Lakini maiti ya urefu huu, Phelim, haifungui faili. Niletee ya ukubwa wa kawaida."

Phelim alijaribu kila njia. Alikata umeme, treni ikaja bila umeme. Aling'oa miiba, wale watatu wakatokea chini ya daraja. Alinunua askari sita wenye bunduki, akawasimamisha getini. Ilipofika saa yenyewe wakawasha sigara, wakasogea kidogo ili wasiwe njiani. Mwisho alitia mkono wake katikati, kati ya Mattie na koleo. Walimkata kidole cha kati mpaka mfupa ukaonekana, na mwenye kitambaa akampiga risasi kiganjani, risasi ndogo kuliko punje za chumvi, akakimaliza kikasha kizima.

Daktari alizichokoa kwa sindano. "Treni?" aliuliza.

"Treni."

"Nilimwambia Attracta usiende karibu na geti. Kunja vidole nione."

Oweny Brehony hakuja mpaka Pasaka. Alikuwa mzee wa miaka themanini, safi, mpole, asiyepitwa na mazishi ya mtu. Alisimama kando ya meza ameshika kofia, akatazama kwa makini kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada.

"Yule mwenye kitambaa ni mzee wangu," alisema. "Anavyotupa mguu ule. Umempatia hasa, Phelim. Na koleo, ndiyo, lilianzia magotini."

"Wewe umejuaje?"

"Si alikuwa akitusimulia? Kila Krismasi, akishapata glasi yake. Koleo lenyewe tunalo mpaka leo. Mpini tu ndio tumebadilisha."

Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwa Brehony hawakusahau kitu. Koleo lile walikuwa hata wanalipaka mafuta lisishike kutu. Phelim alimpiga ngumi ya mdomo, kwa mkono ule ule wa bandeji, mzee akaangukia stesheni na kuvunja paa la jukwaa. Phelim akamfuata chini, akampiga tena, na tena, mpaka Attracta akamvuta kwa mkanda wa suruali. Oweny alitema jino kwenye leso, akalikunja vizuri.

"Haki yako hiyo," alisema. Asubuhi kopo la maziwa lilikuwa mlangoni kama kawaida.

Phelim alipima kwenye meza, akapima na shambani, maana ukijua kipimo unajua mahali. Pale Mattie alipofukiwa sasa ni chini ya banda la kukamulia la Brehony, chini ya zege, ng'ombe wa tatu ukihesabu kutoka mlangoni. Akaenda akamkuta Oweny anaosha chuchu za ng'ombe.

"Fungua hii sakafu, Oweny. Nataka mifupa tu. Nimlaze karibu na Nora, watu wajue hakumkimbia."

"Na shamba?"

"Kaa nalo hilo shamba."

"Leo unasema hivyo." Oweny alimpapasa ng'ombe mgongoni. "Mifupa ina mdomo, Phelim. Ikitoka mifupa, na hati ya shamba itafuata, kama si kwako, kwa watoto wako. Nami nina wajukuu, na hawa wanakamuliwa mara mbili kwa siku. Mimi sikumuua mtu."

"Unajua alipo."

"Najua. Nikikamua hapa huwa namwombea." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Phelim zaidi. "Wewe rudisha zile reli za Kiingereza, bwana. Treni ipite. Kwa nini unamuua babu yako kila wiki?"

Maneno hayo yalimwingia. Kumwona Mattie akivunjwa mkono kila Alhamisi kulikuwa kumemkondesha. Sauti ile ya birika alikuwa akiisikia hata kwenye birika lenyewe. Basi aling'oa kipande cha reli cha kwa Brehony, akalaza cha Kiingereza. Alhamisi treni ilipita getini bila kusita. Mattie alikuwa mzima, amesimama na koleo lake, hata akapunga mkono, akapotea nyuma ya pazia kuelekea bandarini. Abiria walikuwa wamegeukia upande wao wa kawaida. Phelim karibu amshukuru Mungu.

Kisha akatazama stesheni. Pale jukwaani alikuwa amemweka Nora, ana shali na mtoto mkononi, anangoja treni irudi. Watu wa jukwaani walikuwa wanasogea mbali naye, mmoja mmoja, wamefunika midomo wanacheka, mpaka akabaki peke yake pembeni karibu na mapipa ya maziwa, akimfunika mtoto uso kwa shali.

Phelim alikaa akamtazama mpaka chai ikapoa. Asubuhi aliking'oa kipande cha Kiingereza kwa patasi, akakikanyaga, akalaza tena cha upana wa kweli. Ama Mattie auawe, ama Nora achekwe. Njia ya tatu ilikuwa chini ya zege la jirani. Alimchagulia babu yake kifo, na ilimchoma rohoni kumchagulia.

Ila tangu siku hiyo hakuwaachia wale watatu kumzika. Mattie akishapigwa risasi, kabla hawajachimba, Phelim anamnyakua kwa kibano. Wanampiga risasi za vidole, anavumilia. Attracta anaifuta damu ile usoni kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, anaunyoosha mkono uliovunjika, anamvika sanda aliyoikata kwenye leso, anamlaza ndani ya kasha la kiberiti. Ijumaa anapelekwa kwenye kaburi la Nora. Padri anakuja anapopata nafasi, na maji ya baraka anatumia tone moja. Jiwe la Nora lina nafasi chini ya jina lake, lakini jina la Mattie halichongwi. Padri ameeleza kwa upole kwamba jiwe linahitaji cheti cha kifo, na cheti kinahitaji mwili. Alhamisi jioni Mattie yuko kwenye injini tena, mzima, anachochea makaa.

Makasha ya viberiti sasa yamejaa upande mmoja wa kaburi, yameanza kupangwa upande wa pili.

Huku Cloonarget mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake. Ni aibu, na ni mkosi. Kaburi huchimbwa na jirani, na jirani haombwi, hujileta. Nyumba ya Phelim iko mwisho wa barabara, na jirani yake ni mmoja tu. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza kabisa, Phelim na Attracta walipofika makaburini na kasha lao, walimkuta Oweny Brehony ametangulia, amevaa suti, amevua kofia, ameegemea koleo.

Lilikuwa koleo la zamani, la bapa pana kama la kuchotea makaa, linang'aa mafuta. Mpini ulikuwa mpya.

Phelim alilitazama. Attracta alimshika mkono. Kufukuza mchimba kaburi hakujatokea parokia ile, na kuchimba mwenyewe asingeweza.

"Niambie wapi," alisema Oweny.

Phelim alimwonyesha. Kwa kasha la kiberiti dongo moja linatosha. Oweny alikanyaga bapa kwa buti, akainua dongo moja safi, akasubiri kichwa kimeinama mpaka dua ikaisha, akalirudisha, akalipigapiga kwa mgongo wa koleo taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Ndivyo anavyofanya kila Ijumaa hadi leo.

Akimaliza hufuta udongo kwa majani, hutazama saa, huwapa pole wote wawili kwa mkono. Kisha huharakisha kurudi, maana ng'ombe wakichelewa kukamuliwa wanaumia. Phelim na Attracta wakifika nyumbani wanasikia mashine ya kukamulia ikinguruma ng'ambo ya tuta. Baadaye kidogo kopo liko mlangoni, lina joto bado, na Attracta humimina maziwa kwenye chai, maana chai ya rangi Phelim hajaizoea.