Udongo wa Nyuma ya Jiko

Usafi wa Bi Shekha wa Mambrui ulikuwa ugomvi, jamani. Ua ulifagiliwa alfajiri, ukafagiliwa tena alasiri, na jani lililothubutu kuanguka katikati lilikiona cha moto. Mumewe Msellem, Mungu amrehemu, alikuwa akifuga nyuki katika msitu wa Arabuko. Kila akirudi na matope meusi miguuni, Shekha alimsimamisha nyuma ya jiko. "Huingii humu na msitu wako! Osha miguu kwanza!" Maskini Msellem alicheka tu, akachota maji mtungini, akajiosha pale pale kivulini, miaka nenda miaka rudi.

Alipofariki, Shekha alikuta mfukoni mwa koti lake mbegu za mbambakofi, nyeusi, zenye vikofia vyekundu. Msellem alitamani sana kuupanda mti huo uani, naye Shekha akimkatalia kila mara kwa sababu ya majani. Sasa aliutaka kwa roho yake yote. Alizipanda mikebeni, zikaota, kisha zikafa moja moja hadi ukabaki mche mmoja, nao umeanza kugeuka manjano. Huu nao ukienda, alijiambia, basi Msellem ameondoka kweli.

Kahonzi, aliyekuwa na Msellem katika chama cha wafuga nyuki, alimletea gunia la udongo alioutoa chini ya mbambakofi wenyewe. Juma lililofuata alirudi kutazama.

"Shikamoo, Bi Shekha. Mche wetu waendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Wanifia. Na ule udongo wako nimeuchambua kama mchele! Nimetoa majani yote yaliyooza, nikauanika juani, nikaumwagia maji ya moto, maana ulikuwa na sisimizi."

Kahonzi alishika kichwa. "Uwii! Mamangu, umewapika wenyewe!"

"Nimempika nani tena?"

"Udongo wa msitu u hai, mama. Mna vijidudu tusivyoviona, na kuvu nyeupe, nyembamba kama uzi, zinazoshikana na mizizi na kuulisha mti. Zataka kivuli, unyevu na majani ya kuoza. Kukikauka, nyingine hulala zikingoja mvua. Lakini jua kali na maji ya moto, ah, hapo umeziua."

Shekha alicheka kwa aibu, kisha macho yakamjaa machozi. "Basi niletee mwingine."

"Msitu umefungwa kwa ajili ya moto wa kiangazi. Hata mizinga yangu siioni."

Kahonzi alipoondoka, Shekha alijilaza mkekani, mkebe ubavuni, usingizi ukamchukua. Alijiona yuko chini ya ardhi, katika giza laini lenye ubaridi. Nyuzi nyeupe zilitambaa polepole kila upande, zikipokezana maji, zikinong'onezana. Juu yake mtu alikuwa akitembea peku, na kila alipokanyaga nyuzi ziliamka zikamfuata. Shekha alizijua nyayo zile, hata kisigino cha kushoto kilichopasuka. Zikaja mpaka nyuma ya jiko, zikasimama pale, zikingoja ruhusa.

Alizinduka, akaenda huko mbio, kichwa wazi. Ile ndiyo pembe pekee ambayo ufagio wake haukuwahi kuishinda. Jua halikufika, mtungi ulivuja, na mti wa mkungu wa jirani ulikuwa umemwaga majani yake yakaozea hapo. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, na ulinuka kama Msellem akirudi kutoka msituni. Ndani yake mlipita nyuzi nyeupe, nyembamba mno.

"Ya Rabi," alisema. Uchafu aliomgombezea mumewe maisha yote ndio huu. Alilia kwa sauti, hakujali jirani angesikia.

Akaupanda mche pale pale, akaufunika kwa majani ya mkungu.

Mvua za vuli zikaja. Jani la manjano lilidondoka, na mahali pake pakachomoza jani jipya, jekundu kidogo, kisha likawa kijani. Majirani wakamtania kwamba Bi Shekha siku hizi kazeeka, ua umejaa majani. Aliwaacha waseme. Kila jioni alichota maji mtungini, akayamwaga pale taratibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Ingia, Msellem. Ingia hivyo hivyo na miguu yako."