Sensa Iliyofukizwa Udi

Mtu wa kumuuzia Hamood spea feki hajazaliwa. Maneno yake mwenyewe hayo. Aliyasema Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita wa mwaka 2003, kwenye uwanja wa nyumba yao Azaiba, Maskati, mbele ya Benzi iliyofunguliwa boneti. Joto lilikuwa limeshafika arubaini na tatu. Hata paka walikuwa wamehamia chini ya magari, na waliokosa gari walilala tu palepale walipoangukia.

"Mimi nnanusa tu, fundi," alisema. "Orijino ina harufu yake, na feki ina yake. Pua hii haijakosea hata siku moja."

Josphat hakucheka. Alikuwa fundi Mkenya wa gereji moja ya Wadi Kabir, miaka tisa analala chali chini ya magari ya watu, na uchovu wake haukuwa wa siku ile wala wa wiki ile.

"Sawa, boss," alisema. "Lakini pua haina namba. Mita iko na namba."

Benzi yenyewe ilikuwa ya marehemu Babu Thabit, ya mwaka themanini na saba, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto inatoa moshi mweusi, inakohoa, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Josphat alishaupata ugonjwa: sensa ya joto la maji. Injini imechemka, sensa inapeleka habari kwamba bado kuna baridi, basi gari linamiminiwa petroli mpaka linakabwa koo.

"Sasa nisikize," alisema, akimwekea Hamood sensa mbovu kiganjani, kitu cha shaba kisichozidi kidole gumba. "Usinunue box. Box inachapwa mahali popote. Angalia namba kwa shaba, ifanane na hii. Ikiwa imechongwa, endelea. Ikiwa ni karatasi imebandikwa, achana nayo. Shika uzito. Na kabla hujatoka dukani, pima na mita. Ukiichovya kwa chai moto, namba ishuke. Ukiiweka kwa barafu, namba ipande. Ikikataa kusonga, hiyo ni herini, tafuta mtu wa kuvaa. Zunguka maduka matatu, bana, usichukue ya kwanza."

Akamwachia mita yake ya kupimia umeme, akaenda zake kazini.

Ndipo Bibi Masouda alipotoka ndani, kashika kiboksi cha karatasi ngumu.

"Hii kaiacha babu yako sandukuni," alisema. "Alikuwa akisema ni ya hilohilo gari. Kaiweke."

Hamood akakipeleka puani. Lo! Udi, na karafuu, na nguo za Idi. Bibi Masouda nyumba ile alifukiza kila kitu: kanzu, mito, mapazia, na sanduku la marehemu kila Ijumaa. Hamood alikaribia kucheka. Spea gani inanukia kama bibi harusi?

"Ahsante, Bibi," alisema, akakitia mfukoni.

"Na nnakwambia, Hamood, mimi nimechoka." Aliketi kwenye kizingiti, taratibu, mkono gotini. "Mara tatu nimekaa juu ya jiwe kwenye mlima wa Yiti, watu wanapita wananionea huruma. Wifi yangu kule mgonjwa, ananingoja, mimi nipo juu ya jiwe. Ijumaa baada ya alasiri anakuja yule mtu wa Bawshar kuitazama gari. Ikiwa haijanifikisha Yiti, ntamuuzia. Sitaki, lakini ntamuuzia."

Hamood aliitazama Benzi. Gari lile ndimo alimojifunzia kuendesha, kakaa mapajani mwa babu yake. Yeye ndiye aliyemzuia Bibi asiliuze mwaka wa kwanza wa msiba, na wa pili. Akitaka kubishana mara hii atabishana na magoti ya mwanamke wa miaka sabini na moja.

Basi alikwenda Wadi Kabir kwa teksi, nia njema kabisa, maduka matatu kichwani. Lakini alifika saa saba kasoro robo mchana, na saa saba kamili maduka yote hufungwa mpaka saa kumi. Aliingia la kwanza, la Bakhit, mzee mnene aliyekuwa ameshavua kofia kwa ajili ya usingizi. Ndani kulikuwa na kiyoyozi. Hamood alisimama chini yake akahisi miguu inamwambia: maduka mawili yaliyobaki ni ya nini?

Bakhit alimtolea mbili. Moja kwenye mfuko wa nailoni, nyingine kwenye boksi linalong'aa kama zawadi. Hamood akanusa ya boksi. Mpira mpya, mafuta mapya.

"Hii!"

"Huipimi? Umeshika mita mkononi."

"Pua imeshapima, ammi."

Bakhit alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi akipanda ngazi. "Na hicho kinachochungulia mfukoni mwako?"

"Hiki?" Hamood akakitoa kiboksi cha babu yake, akakisukuma juu ya meza. "Hiki kipambe kabati lako. Kinanukia vizuri."

Alikwenda kuifunga sensa mpya mwenyewe, spana moja na nyimbo mbili. Jioni Bibi aliuliza, "Umeiweka ya babu yako?"

"Nimeiweka, Bibi."

Neno dogo, halikumchukua hata pumzi.

Jumatatu walikwenda Yiti. Hawakufika. Nusu ya mlima Benzi ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Bibi Masouda alifungua mlango, akatembea hadi kwenye lile jiwe lake, akaliketi. Hamood alifungua boneti akasimama nyuma yake kama anayejificha, na kweli alikuwa anajificha.

"Hata cha Thabit kimenishinda," Bibi alisema mwishowe, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Miaka yote nimekifukiza. Basi. Na auziwe."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hamood, ambaye shuleni aliwachekesha mpaka walimu, aliinama ndani ya boneti akaanza kupangusa betri.

Jumanne Josphat aliichovya sensa ya boksi linalong'aa kwenye gilasi ya chai ya moto, waya za mita zimeshikishwa. Wakangoja. Namba ilikaa palepale. Akaitia kwenye barafu. Palepale.

"Hii ni mkaidi kuliko bibi yangu wa Nyeri," alisema Josphat, akanywa kikombe kingine cha chai, kisichokuwa na sensa. "Nilikuambia upime. Ulipima?"

"Nilipima kwa njia yangu."

"Ee. Naona."

Hamood alirudi kwa Bakhit saa kumi na dakika moja. Kiboksi kilikuwa ndani ya kabati la kioo, mahali pa heshima, katikati ya taa za mbele za zamani. Dukani mlikuwa na wateja wanne, na Bakhit hakuwa na haraka.

"Nimekipima," alisema. "Kimya kimya, bila pua. Wallahi sijaona sensa nzima kama hii tangu nifungue duka. Namba imechongwa, uzito upo. Unaitaka?"

"Nnaitaka, ammi."

"Inuse kwanza."

"Ammi..."

"Inuse, mwanangu. Wageni hawa hawajaona elimu yako."

Hamood akainusa. Wateja wanne walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Bakhit akamtoza bei kamili ya orijino, na Hamood alilipa bila kupandisha macho.

Kwenye gereji namba ilishuka ndani ya chai kama mtu anayeteremka ngazi, na kwenye barafu ikapanda. Josphat alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaifunga. Hamood akakifinya kiboksi, akakitupa kwenye pipa la takataka, akajisikia mwepesi.

Alhamisi alasiri walipanda mlima wa Yiti watu watatu: Hamood kwenye usukani, Bibi Masouda pembeni yake, Josphat nyuma na sanduku lake la vyuma, amebembelezwa aje kwa tahadhari. Walilipita lile jiwe. Bibi aligeuza shingo akalitazama linavyobaki nyuma. Juu kabisa akasema, "Simama. Zima."

"Nizime, Bibi? Injini ya moto?"

"Zima."

Akazima. Walikaa kwenye joto kiasi cha mtu kunywa kahawa finjani mbili. Kisha Bibi akaashiria kwa kidole. Hamood akazungusha ufunguo, na Benzi ikawaka kabla hajamaliza kuzungusha.

Bibi Masouda alishusha mabega. Yalikuwa yamepanda, labda, tangu mwaka wa msiba.

"Yule wa Bawshar ntampigia simu asije," alisema. "Umeitoa wapi hii?"

Na hapa ndipo Hamood alipaswa kunyamaza. Lakini njia ilikuwa nzuri, injini inaimba, na yeye ni Hamood.

"Bibi, we acha tu. Maskati nzima nimeizunguka na jua hili. Maduka kumi na moja! La kumi na moja ndilo nikaipata, nikaijua kwa pua tu. Ile ya babu, Mungu amrehemu, ilishakufa kwa uzee."

Nyuma, Josphat alikuwa anapekuapekua mfuko wa shati.

"Mama, karibu nisahau," alisema. "Hii boss alitupa kwa pipa. Mimi mwaka wa kwanza hapa nilifungia mboga na gazeti ya Kiarabu, mzee mmoja akanigombeza sana, eti pengine iko na jina la Mungu ndani. Tangu hiyo siku, kitu iko na maandishi yenu situpi. Hii ilikuja na hiyo sensa. Imeandikwa hapa chini na penseli. Mimi nilidhani ni bei."

Akampitishia kiboksi kilichofinywa, katikati ya viti viwili, mbele kabisa ya macho ya Hamood.

Bibi Masouda alikinyoosha juu ya paja. Herufi zilikuwa za Kiarabu, lakini maneno yalikuwa Kiswahili, mwandiko mwembamba ulioinamia kushoto, ambao aliusoma miaka arubaini kwenye barua na kwenye orodha za sokoni. Alisoma kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu mwingine.

"'Ya joto la maji. Ya akiba. Masouda asije akakwama njiani.'"

Josphat akatazama dirishani. Hamood akatazama mshale wa joto, ambao ulikuwa umetulia mahali pake, haumsaidii kitu.

Bibi alikiinua kiboksi, akakinusa, hakuwa na haraka.

"Hamood," alisema. "Hilo duka la kumi na moja. Wanafukiza udi wangu?"