Doa Jekundu Upande wa Kulia

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Tangu utotoni mama alisema ipo siku nitaua mtu. Ila asubuhi ile aliyekuwa anakwenda kuuawa ni mdogo wangu, tena kwa programu niliyoiandika mwenyewe.

Programu yangu inachukua picha za ubongo wa mgonjwa na mapigo ya umeme ya kichwani, inakokotoa kifafa kinaanzia wapi, inaweka doa jekundu. Daktari anakata palepale. Sheria ya ofisi hairuhusu kufungua faili la ndugu. Lakini mdogo wangu alikuwa anapasuliwa saa tatu, na ilipofika saa mbili na nusu uvumilivu ukanishinda, nikaingiza namba yake ya hospitali, nikalifungua.

Doa lilikuwa kulia.

Jamani! Kifafa cha yule kijana nakijua mimi. Mkono wa kulia ndio unaoanza kujipinda, kisha kinambwaga chini, anajigonga sakafuni mpaka damu. Siku moja nikimshika alinivunja ubavu. Na mkono wa kulia unaendeshwa na ubongo wa kushoto. Nikapekua programu, jasho linanitoka. Mashine ya zamani ya hospitali ilitoa picha zilizogeuka, kushoto kuwa kulia, nami niliandika mstari wa kuzirudisha. Mashine mpya inazitoa sawasawa. Mstari wangu bado ulikuwa unazigeuza.

Nikaingia mbio kwa mkuu wetu. "Mkuu, pigia hospitali wasimamishe! Wanamkata upande sio!"

"Tulia. Tuhakiki kwanza. Tukikurupuka nani atatuamini tena?"

"Tuhakiki nini? Zimebaki dakika tano!"

"Na hilo faili umelifunguaje?"

Sikumbuki nilivyoizunguka meza. Nilimkunja shati nikambamiza kwenye kabati, kioo kikapasuka. Akanikaba koo. Nikamchapa kibodi usoni, mara mbili, vibonye vikatawanyika, jino likamtoka. Simu ya ofisi, yenye namba ya hospitali, ilikuwa mkononi mwake. Nikaukanyaga ule mkono mpaka akapiga yowe akaiachia.

"Msimguse!" nilimfokea muuguzi aliyepokea. "Ni kushoto! Kushoto!"

Nikamsikia akimwita daktari. Kisha akarudi. "Ameshalala usingizi wa dawa, lakini hajakatwa. Daktari ameweka kisu chini."

Nikakaa juu ya vipande vya kioo, nalia, nacheka. Mdogo wangu mzima!

Mkuu naye alikuwa sakafuni, damu ikimchuruzika kidevuni. Nilidhani ataita polisi. Akatema mate mekundu, akauliza polepole, "Mashine mpya ilifungwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Tangu hapo wamepasuliwa wangapi?"

"Wawili," nikasema. Picha zao nilizipeleka mwenyewe, namba tu bila majina, na kila mara tulipeana mikono ya pongezi ofisi nzima.

Mkuu akaisukuma simu kwa mguu mpaka gotini pangu.

"Wapigie na hao," akasema.