Sare ya Rubani Humphrey

Humphrey, mzaliwa wa Kahama, alirusha ndege za Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka tisa, kisha akahamia idara ya serikali yao inayozima moto wa misitu kwa ndege. Ndivyo alivyotuambia. Na sisi Watanzania wa Guangzhou, watu wa kukaa saa nzima tukibishania bei ya zipu, tulimpokea bila swali hata moja. Alikuwa na koti. Koti la kijani la marubani, mabawa ya uzi wa fedha kifuani, tai mkubwa begani, na jina lake limedariziwa kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Mbele ya koti kama lile, nani angedai cheti?

Kila Jumapili kwenye ibada yetu alisimama kushuhudia. Wiki hii kombora limempita sikioni jangwani. Wiki ijayo msitu unawaka, yeye anashuka na tani za maji mpaka tumbo la ndege linababuka. Siku moja alichanganya mafaili, akalimwagia maji jangwa, na watu wakasema amina vilevile. Mzee Didas, anayenunua viatu soko la Liuhua kupeleka Bukoba, alimwomba amwombee kwa kuwa anaogopa kupanda ndege, na Humphrey akamwekea mikono kichwani. Kwamba mwanajeshi wa Marekani anazurura China na koti la jeshi lake, tena anapanga foleni ya tambi kama sisi, hilo nalo halikumshtua mtu. "Yuko kwenye shughuli ambazo hazisemwi," alisema Mzee Didas kwa heshima.

Ningeendelea kucheka kimoyomoyo kama asingemchumbia Herieth.

Herieth ni binti wa mama yangu mdogo. Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, kwa ufadhili, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Mimi Edina, wakala wa kuwanunulia watu nguo soko la Shisanhang, ndiye niliyewaahidi nyumbani kwamba nitamwangalia. Sasa alikuwa anaacha masomo. Harusi ndogo hapa mwisho wa mwezi, kisha Marekani na mumewe. "Udaktari nitamalizia huko, dada," aliniambia, macho yake dirishani. Nilimsema mpaka sauti ikanikauka, na nyumbani walikuwa wameshaanza vigelegele kwenye simu.

Humphrey akataka kamati ya harusi ivae sare. Sawa, harusi gani ya kwetu haina sare? Ila yeye hakutaka vitenge. Alitaka wanaume kumi na wawili wavae makoti kama lake, wajipange mistari miwili, maharusi wapite katikati. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mafundi, akanikabidhi koti lake liwe sampuli. Kwa mkono wake mwenyewe, jamani.

Nikalipeleka Kangle, mtaa wa mafundi, kwa mama mmoja mwenye mashine ishirini juu ya duka la vifungo. Mimi humwita laoban, kama tunavyowaita mabosi wote hapa, naye huniita rafiki. Kabla sijamaliza kusema nataka mangapi, alishaligeuza koti nje ndani. Akafunua bitana ya mfuko wa kushoto, akanionyesha mishono miwili ya uzi mwekundu.

"Hii yangu," alisema kwa Kichina chetu cha sokoni. "Mimi nimeshona. Mwaka jana. Mia tatu."

"Hapana, laoban. Hili limetoka Marekani. Jeshini."

"Meiyou! Hakuna!" Akamgonga tai kwa kidole. "Hesabu manyoya."

Nikahesabu. Bawa moja manyoya saba, jingine matano. Mashine ya kudarizi ilikosea, akanieleza, mteja akaukataa mzigo wote, naye akauuza kwa kilo. Akaniletea jingine, alilokuwa amelisokota kuziba upenyo chini ya mlango. Tai yule yule, kilema kile kile. Kilichokosekana ni jina tu.

Nilicheka mpaka wasichana wa mashine wakasimamisha kazi. Kwa mabawa yale, tai wa watu angezunguka palepale mpaka afe. Kisha hasira zikanipanda. Mtoto wa mama yangu mdogo anatupa udaktari kwa koti la kilo! Nikayabeba yote mawili, nikapanda metro hadi bweni la Herieth, njia nzima napanga maneno ya kumpasua.

Nilimkuta anapakia vitabu kwenye maboksi. Nikayatandaza makoti kitandani, nikamweleza yote: mishono, manyoya, kilo. Nikasubiri alie.

"Najua, dada," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hajawahi kurusha hata tiara. Wiki ya pili tulitoka kwenye roshani ya ghorofa ya kumi na nane, akakumbatia nguzo, jasho linamchuruzika. Anauza makava ya simu."

"Sasa unamtakia nini? Miaka minne, Herieth! Kama barua ya kuacha chuo hujaipeleka, itoe hapa tuichane."

Akaketi juu ya boksi.

"Hakuna barua. Nimedisco, dada. Tangu Julai. Nilifeli, nikarudia, nikafeli tena, wamenifuta. Bweni na viza vinakwisha mwisho wa mwezi." Alisema taratibu, kama anamsomea mgonjwa majibu. "Mama ananiita daktari kanisani, mbele ya watu wote. Nirudi niwaambie nimefeli? Lakini nikiacha chuo kwa kuwa nimeolewa na rubani wa Marekani, watacheza."

Mdomo wangu huu, ambao wenye maduka wa Shisanhang huukimbia, ukauliza kwa upole:

"Na mkishafunga ndoa mnakwenda wapi?"

"Kwao, Kahama. Atasema amepewa likizo."

"Humphrey anajua umefutwa?"

Hapo ndipo alipolia. "Anajua anaoa daktari. Ameshawaambia kwao. Wanatusubiri."

Nilimwonea huruma, nikaona na aibu pia, kwa sababu tangu Julai nilimwona kila wiki na kila wiki nilimuuliza kuhusu Humphrey, si kuhusu yeye. Kabla sijamshika mkono, simu yangu ikaita. Mamdogo, kwa video, nyuma yake mashangazi wamejaa sebule wakipimana vitambaa.

"Edina mwanangu, hebu tuambie wewe usiyedanganyika. Huyo rubani ni wa kweli? Maana watu wameanza maneno."

Herieth akayavutia makoti chini ya shuka.

"Wa kweli kabisa, mamdogo," nikasema. "Juzi alinipandisha ndege, tukauzunguka mji mzima. Niliogopa nusu nizimie."

Vigelegele vikajaa chumbani. Mamdogo akawanyamazisha kwa mkono.

"Sasa nipe daktari wangu. Shangazi yake ana uvimbe hapa shingoni, hospitali walimwambia akapime, mimi nikamwambia asipoteze muda wakati tuna daktari wetu."

Herieth akajifuta uso kwa kiganja, akaipokea simu.

"Shikamoo shangazi," alisema. "Sogea kwenye mwanga nikuone."