Kunguru Begani

“Mama Maombi, ni nani huyo aliyekuchora na kunguru begani?”

Ndivyo Générose, jirani wa mlango wa pili, alivyomuuliza Perpétue siku moja kwenye ngazi. Mdomo unacheka, macho yanapima. Picha ameiona kwenye simu ya binti yake mwenyewe. Perpétue akajibu kwamba duniani wawili wawili, akaingia ndani.

Lakini neno lile lilimkaa. Kule kwao Walungu, mumewe Byamungu alipokufa, mashemeji walisema mjane ndiye aliyemla. Akakimbia na jina hilo la uchawi nyuma yake na mtoto mgongoni. Hapa ugenini, Saint Louis Park, hakuna aliyelijua. Kanisani, ambako Générose naye husali, Perpétue ndiye huwawekea wagonjwa mikono. Jina lile likifika, nani atainamisha kichwa chini ya mikono hiyo?

Jumamosi Générose akajitolea kumpeleka kwa gari hadi chuoni, mwanawe Maombi anakosomea uchoraji. Perpétue hakuwa amemwomba.

Ukutani, kwenye picha za Maombi, walikuwapo wanawake wa hadithi za kale za Ireland. Malkia Medb na fahali wake. Macha mwenye mimba, analazimishwa kushindana mbio na farasi wa mfalme. Huyo Perpétue alimwelewa bila maelezo. Kisha akajiona mwenyewe: kitenge chake cha kijani, mkuki mkononi, na kunguru ameweka mdomo karibu na sikio lake kama mwenye siri.

“Hata mikunjo ya shingo hajakusamehe,” Générose akasema.

Maombi akaeleza kwa Kiingereza, mbio mbio, kama kawaida yake. Mama akaokota alichoweza: huyu anaitwa Morrígan, wachoraji wa zamani walimfanya kisura au kizee cha kutisha, yeye alitaka mwanamke mzima, mwenye nguvu, na hamjui anayemzidi mama yake.

Perpétue angefurahi. Badala yake akauliza polepole kama mwanamke huyo anaua watu.

Haui, Maombi akasema. Anajua tu, kabla ya vita, nani atakufa.

Perpétue akamkazia macho mwanawe. Nani kamwambia? Shangazi zake wa Bukavu humpigia simu siku hizi. Akamwamuru amfute kunguru huyo leo hii.

Kwa heshima, Maombi akakiacha Kiingereza. Kiingereza cha Générose kiliishia kwenye salamu na bei za dukani, lakini sasa alisikia kila neno.

“Mama, shangazi anasema ulijua baba atakufa. Ulijua?”

Kukana kulikuwa kwepesi, na mdomo ulikwisha kufunguka. Lakini Mungu anayemwomba kila alfajiri alikuwa anasikia pia.

“Niliota amelala mtoni,” alisema. “Nikamshika koti, nikamwambia asiende. Alinicheka, akaenda.”

Maombi akamshika mkono. Générose akaokota mkoba wake kitini, akatafuta funguo za gari, akatoka bila kumngoja Perpétue.