Kiti cha Kuonekana

Yule dada wa tiketi alidhani sikumwelewa, akarudia polepole kama anayesema na mtoto.

"Nyabo, sikia. Mbele kabisa, ile viti ya kitambaa, elfu hamsini. Katikati, plastiki, elfu ishirini. Nyuma, benchi, elfu kumi. Huko unaona kidogo kidogo lakini unasikia yote. Nakupa gani?"

"Dada, miye siulize fasi ya kuona," nikamwambia. "Ninauliza hivi: mutu mwenye kusimama kule mbele kwenye jukwaa, anaweza kuona batu ba fasi gani?"

Akaweka kalamu chini. Aliitwa Sonia; jina lilikuwa kwenye kadi aliyoivaa shingoni. "Banange! Watu wote nauliza wapi nitaona. Wewe nauliza wapi utaonekana?"

"Njo vile."

Waliopanga mstari nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema mama amevaa kitenge kipya, msimnyime haki yake. Niliwaacha wacheke. Kwenye mkoba nilikuwa na elfu kumi na tano, mbali na nauli ya kurudi kambini Nakivale, na ukutani juu ya kichwa cha Sonia palibandikwa karatasi kubwa yenye sura ya mwanangu Emery.

Sikuja Mbarara kutazama mchezo. Nilikuja kwa sababu ya Alhamisi.

Binti yangu Vanessa ana miaka kumi na mitano na moyo wake ni mgonjwa. Daktari alituchorea kwenye karatasi jinsi mlango mmoja wa moyo usivyofunga. Upasuaji wake, alisema, hatutaupata huku, akaandika barua. Barua hiyo ilizunguka miaka miwili hadi tukaitwa kwa mahojiano ya kupelekwa nje: Alhamisi, saa mbili asubuhi, watu wote watatu walio kwenye faili. Mimi Marthe, Emery na Vanessa. Akikosa mmoja, faili inarudi chini ya nyingine zote. Nilimuuliza daktari kama Vanessa anaweza kungoja miaka miwili mingine. Aliitazama miguu ya binti yangu iliyovimba, kisha akaniuliza kama nyumbani tunapunguza chumvi.

Na Emery hakuwepo. Aliondoka nyumbani kwetu Rubondo, mle mle Nakivale, miezi kumi na minne iliyopita. Neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa, "Ulimwacha baba auawe, wewe umenyamaza." Hakupokea simu yangu tena, na baadaye namba yenyewe ikafa. Jirani yangu Fébronie, Mrundi, ndiye aliyeona tangazo la mchezo kwenye simu yake. Alikuja mbio, mikono ina unga. "Mama Emery, si huyu wako?" Alikuwa wangu. Chini ya sura yake iliandikwa ukumbi wa Kakoba, Mbarara, Jumamosi, saa tisa mchana. Sikuwa na mahali pengine pa kumtafuta.

Sonia alinitazama, akageuka akaitazama ile sura ukutani, akanirudia mimi. Nadhani aliona pua ni ile ile.

"Sikia, nyabo," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa jukwaa, taa naingia macho. Hata wa elfu hamsini hawaonekani. Lakini wachezaji nakuja na mlango ya nyuma, napita katikati ya watu. Chukua benchi ya mwisho, pembeni ya njia. Huyo wako atakugusa bega."

Nikalipa. "Na huu ukumbi uko na milango ngapi?"

"Mbili. Wewe ni polisi?"

Nilikaa pale aliponionyesha. Madirisha yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeusi. Kando yangu alikaa mama mmoja mnene wa hapo Kakoba, na karanga zake kwenye karatasi. Alinikaribisha zile karanga kabla hata hajanisalimu. Nilishika rozari ndani ya mkoba, nikaanza kusali.

Nilikuwa kwenye fumbo la pili taa zilipozimwa. Nikasikia miguu nyuma yetu. Wakaja na mizigo vichwani, watu wanaokimbia vita, na wa nne alikuwa yeye. Alikonda. Godoro alilolibeba lilinigusa bega kweli, kama alivyosema Sonia.

"Emery," nikasema.

Macho yake hayakutoka kwenye taa. Akapita. Alikuwa na harufu ya sabuni nisiyoijua.

Watu walianza kucheka mapema. Wa viti vya kitambaa walicheka wamefunga midomo, wa plastiki walicheka wakitazamana, na sisi wa benchi tulijibizana na wachezaji moja kwa moja. Waasi walipoingia na bunduki zao za mbao, mmoja alikuwa na buti kubwa kuliko miguu yake, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule mama wa karanga alinipiga paja. "Angalia hiyo miguu, maama!" Niliiangalia. Mimi niliwahi kuisikia miguu ya namna ile, wala sikumbuki mtu aliyecheka.

Halafu nikaona kitanda. Kitanda cha mbao, shuka ya bluu, na mlango mmoja uliosimamishwa peke yake bila ukuta. Msichana aliyejifunga kitenge akaingia chini ya kitanda na mtoto mgongoni, tena akamvuta mvulana mdogo, akamziba mdomo kwa kiganja. Mlango ukafunguliwa. Baba akachukuliwa. Yule msichana hakutoka wala hakulia.

Ilikuwa nyumba yetu karibu na Uvira, alfajiri waliyomchukua mume wangu, kabla hatujakimbilia Uganda. Mwanangu alikuwa anaiuza kwa tiketi.

Ukumbi ulianza kunguruma. "Mama gani huyu!" "Mwoga!" Mbele huko mwanamke mmoja alifyonya hadi sisi wa nyuma tukasikia. Mama wa karanga akasema, "Mimi ningetoka na panga. Haki ya Mungu, ningetoka." Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Sehemu iliyofuata mvulana amekuwa mtu mzima, ndiye Emery mwenyewe. Akasimama mbele ya yule msichana aliyepakwa unga kichwani aonekane mzee.

"Mama, juu ya nini ulinishika kinywa? Ningepiga kelele, majirani bangetoka. Juu ya nini ulinyamaza?"

Msichana akainamisha kichwa. Wote jukwaani wakasimama bila kutikisika.

Kwetu Nakivale michezo huletwa na watu wa afya, chini ya hema. Ikifika penye ugumu, wachezaji husimama hivyo hivyo, wakangoja. Mmoja wetu huinuka akasema mama huyu afanye nini, na asipoinuka mtu, mchezo hauendelei. Sijawahi kuona mchezo wa namna nyingine, ukiacha Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu. Basi nilidhani wanangoja. Nilitazama huku na huku. Kati ya watu wote wale, nani mwingine angejua jibu?

Nikainuka.

"Baba yako njo aliweka mukono yangu pa kinywa yako," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alikamata mukono akaiweka. Kisha akatoka yeye mwenyewe, akafunga mulango nyuma yake, akabaambia, 'Niko peke yangu.' Bakaamini. Miye sikumuacha. Yeye njo alitufunika."

Vichwa vyote viligeuka. Emery aliweka kiganja juu ya macho kuzuia taa.

"Ni nani anasema?"

"Ni miye, mama yako."

Makofi yakalipuka. Walidhani nimepangwa kwenye mchezo! Mama wa karanga alisimama akinipigia vigelegele. "Huyu anacheza kuliko wale wote!" Mwanamume wa viti vya kitambaa alipanda juu ya kiti chake cha elfu hamsini ili anipige picha. Nikaona muda unanikimbia, nikapiga kelele juu ya ile Alhamisi:

"Emery! Siku ya ine, saa mbili ya asubui, ofisini! Usipokuja Vanessa atakufa!"

Wakashangilia zaidi. Mtu alipiga mluzi. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakiifurahia habari mbaya. Taa zikazimwa, na mkono ukanishika kiwiko, alikuwa Sonia. Akanitoa nje taratibu.

"Nyabo," akasema kwenye ngazi, "sijui umeharibu ama umetengeneza."

Nikaenda kusimama kwenye kona ya jengo, mahali ninapoweza kuona milango yote miwili. Bodaboda waliniita kila dakika. Mchezo ulipoisha watu walitoka kwa mlango wa mbele, wengine wakinionyesha kidole na kunipongeza. Emery alitokea wa nyuma, uso una poda upande mmoja.

"Umenifanyia nini, mama? Batu banasema ile njo ilikuwa fasi nzuri kupita zote. Mukubwa wetu anataka urudi kesho, atakulipa."

"Sitarudi. Siku ya ine..."

"Nimesikia siku ya ine. Ukumbi muzima umesikia." Akajifuta uso kwa kiganja, toka paji hadi kidevu, kama alivyofanya tangu mdogo. "Ile ya baba. Ni kweli?"

"Ni kweli mbele ya Mungu."

"Basi juu ya nini hukuniambia? Miaka kumi na tano!"

Nilimwona anafikiri, na niliona fikira zake zinakoelekea, nikaogopa kuliko nilivyoogopa mle ndani.

"Minakumbuka miguu," akasema. "Baligonga, kisha miguu ikaenda. Bilikuwa binaisha. Halafu ikarudia. Juu ya nini ilirudia?"

Hilo ndilo nililolificha. Wale watu walikuwa wanaondoka. Emery alikuwa na miaka sita, chini ya kitanda, na alilia mara moja tu, sauti fupi. Mtoto atafanya nini? Miguu ikarudi, na mume wangu Anatole akaushika mkono wangu. Kwa miaka yote ile niliona ni afadhali mwanangu anichukie mimi.

"Ni Vanessa alilia," nikamwambia. "Alikuwa na miezi tatu."

Vanessa alikuwa amelala kwenye ziwa langu alfajiri ile, hakutoa hata pumzi ya kusikika. Nilisema uongo nimeshika rozari.

Emery akaketi kwenye ngazi.

"Mutoto wa miezi tatu hana kosa," akasema.

"Hana."

"Nitakuja. Lakini juu ya Vanessa, si juu yako."

Jumapili sikupokea komunyo. Fébronie aliona, akanong'ona, "Mama Emery, kuna nini?" Nikamwambia nimevunja mfungo, nilikunywa chai nikiwa njiani kuja misani. Huo ukawa uongo wa pili.

Alhamisi alikuja. Saa moja na nusu nilimwona anashuka kwenye boda, shati limepigwa pasi, na mandazi mawili ya Vanessa kwenye mfuko. Vanessa aliinuka akamkumbatia hadi akaanza kuhema, tukamketisha. Emery akaketi karibu naye kwenye benchi, mimi nikabaki mwisho.

"Usijisumbue na kitu," akamwambia. "Ulikuwa katoto. Haukujua."

"Sikujua nini, yaya?" Ndivyo anavyomwita kaka yake.

"Achana nayo. Kula."

Vanessa akanitazama juu ya andazi lake. Nikatazama mlango wa ofisi.

Mlango ule ukafunguka, akatoka mama wa mahojiano, na mkalimani nyuma yake amekumbatia faili yetu. Ilikuwa nene. Chini ya karatasi mpya nyeupe ilichomoza pembe ya karatasi ya zamani, ya rangi ya udongo, yenye sahihi yangu ya mwaka tulioingia Uganda. Niliitambua. Mwaka ule niliulizwa kila kitu nikajibu kila kitu. Waliuliza waasi walijuaje kwamba kuna watu ndani. Nikasema: mwanangu wa kwanza alilia. Waliandika, wakanisomea, nikatia sahihi.

"Tutaanza na mtoto mkubwa," mkalimani akasema. "Kila mmoja peke yake. Maneno ya wote lazima yafanane na haya. Emery!"

Akainuka, akaweka shati vizuri. Angeingia mle akaeleza habari ya Vanessa, na wao wangefungua ile karatasi. Faili ingeharibika. Au wangemsomea wao, wageni, ng'ambo ya meza.

Nilimshika mkono.

"Emery, ngoja. Nilikudanganya siku ya posho, kule pa muchezo. Haikuwa Vanessa."

Akanigeukia, mkono mwingine bado kwenye shati.

"Ni wewe ulilia. Mara moja. Na baba yako hakukasirika. Alikutazama, akakupapasa kichwa, kisha njo akakamata mukono yangu. Nimeandikisha vile ndani ya ile karatasi tangu zamani. Sema vile. Hauna kosa, mutoto wangu. Minakuapia, hauna kosa."

"Emery!" mkalimani akaita mara ya pili.

Emery hakugeuka. "Nilikuwa na miaka ngapi?"

"Sita na miezi mbili."

Akatazama kiganja changu kilichomshika, kana kwamba anakitambua. Hakukitupa. Alikitoa polepole kwenye mkono wake, akakiweka juu ya paja langu. Akajifuta uso toka paji hadi kidevu. Akaenda, akaingia, na mlango ukafungwa.

Vanessa alikuwa ameacha kula. Alikuwa amesikia yote, na machozi yalikuwa yanadondokea andazi.

"Mama," akauliza, "yaya atarudi huku kwetu?"

"Chumba kile kiko na mulango moja tu," nikamwambia. "Nilishaangalia."