Matembezi kwa Ajili ya Nyonga ya Merdell

Jumamosi ya matembezi, Merdell Pinnock aliamshwa alfajiri ili asukwe nywele. Verlin, rafiki yake tangu shuleni na jirani yake wa meza sokoni, alimsuka mistari, akamvisha gauni la kanisani, akamlisha shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi. Kisha Everald, binamu yake, akambeba mgongoni hadi kwenye pikapu. Nyuma ya pikapu walikuwa wamefunga kiti cha sebuleni kwa kamba, na juu yake mwavuli wa kampuni ya bia, jina la bia likiwa limebandikwa plasta, maana matembezi yalikuwa ya kanisa. Spika kubwa na kipaza sauti viliwekwa pembeni mwa kiti. Ukungu ulikuwa bado umelalia matuta ya viazi vikuu kote Duncan Gap.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imesagika. Tangu utotoni alibeba viazi vikuu kichwani, kutoka shamba la kilimani hadi barabarani, na sasa hata choo cha uani alikifikia kwa kusota. Daktari wa mifupa alisema nyonga mpya ingemsimamisha kabla ya Krismasi, ila fedha itangulie. Novlet Chambers akasema niachieni mimi. Novlet alikuwa muuguzi Uingereza kwa miaka mingi, akarudi kijijini na pensheni, nyumba yenye nguzo nyeupe na mazoea ya kuwaita watu kwenye vikao. Ndiye aliyepanga matembezi ya hisani kutoka Duncan Gap hadi ufukweni Salt Bay, marafiki wote pamoja, uso wa Merdell ukiwa umechapwa kwenye kila fulana. Merdell mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: kusimama tena nyuma ya meza yake sokoni, kabla Verlin hajaizoea. Verlin alikuwa ameshasogeza nyanya zake pale. Kwa muda tu, alisema.

Novlet ndiye pia aliyeomba gauni kuukuu la Merdell, lile la manjano. Zamani, kabla barabara haijafika, mgonjwa wa Duncan Gap alishushwa hospitali kwa machela, na wabebaji walijifunga kwenye kifundo cha mguu ukanda uliochanwa kutoka nguo ya mgonjwa. Uchovu wa safari ulimwendea mgonjwa, kwa sababu yeye alikuwa amelala na hakuwa na kazi nyingine. Kila kituo walimwaga ramu kidogo chini, wakafungua vitambaa, uchovu ukawarudia wenyewe na malengelenge yake yote, wakaketi nao mpaka upungue. Ndipo wakafunga tena na kuendelea. Babu yake Merdell alishushwa hivyo akiwa na kichomi. Alifika nyayo zimevimba, akawashukuru wabebaji mmoja mmoja, akapona.

Mambo haya kila mtu mzima wa Duncan Gap aliyajua, na Merdell alilitoa gauni kwa moyo mweupe. Alijua miguu ingewaka kidogo kisha ipoe kituoni. Alichokosea ni kudhani kwamba watu wakichukua desturi wanaichukua nzima.

Novlet aliomba dua, akawafunga watu vitambaa vya gauni lile kwa mkono wake, na pikapu ikaanza kuteremka taratibu huku kundi likifuata kwa nyimbo. Asubuhi ilikuwa nzuri. Watu walitoka malangoni na machungwa na madafu, wakampungia Merdell, naye akawapungia. Kwenye bomba la maji la shule, ambako wazee walikuwa na kituo chao cha kwanza, kundi halikusimama. Hakuna aliyechoka, alisema Novlet, sasa tusimame kwa lipi? Merdell alihisi joto chini ya vidole gumba vya miguu. Alivua soksi. Lengelenge lilikuwa limeshatuna kwenye kila wayo.

Verlin, aliyekuwa akitembea karibu na tairi la nyuma, aliinua macho.

"Yameanza?"

"Yameanza."

"Paka mate kwanza. Kituoni tutafungua."

Mteremko wa Gutters Hill ni mkali, na jua lilikuwa limeshapanda. Kwa kawaida mtu mzima akiushuka hushika magoti. Siku hiyo walishuka wakicheza. Mzee Cleveland, ambaye kwa miaka hakuwahi kufika kanisani bila kupumzika mara mbili, alitangulia mbele akitembea kinyumenyume ili awapige picha wenzake. Merdell alitazama malengelenge yakipasuka na mengine yakiota juu yake. Kucha ya kidole kidogo ilidondoka kwenye sakafu ya pikapu, akaiokota na kuiweka mfukoni, kwa sababu hakutaka mtu aikanyage.

Walisimama kwenye duka la ramu la Bwana Lascelles, katikati ya njia, kwa kuwa Novlet alitaka picha ya wote. Bwana Lascelles alikuwa tayari mlangoni na chupa ya ramu nyeupe mkononi, kama baba yake alivyosimama kila machela ilipopita. Novlet alimshukuru sana. Alimweleza kwamba hii ni shughuli ya kanisa, na kwamba kati ya wafadhili wamo watu wasiopenda kuona pombe. Bwana Lascelles akasema si ya kunywa, ni ya kumwaga. Novlet akasema kwenye picha haitaonekana hivyo.

Merdell aliushika ukingo wa pikapu, akajivuta mbele.

"Novlet, fungueni. Hapa ndipo walipomfungulia babu. Miguu inaniuma mwenzenu."

Watu walikuja wakaitazama miguu. Waliitazama vizuri, bila haraka, mmoja akasema pole, mwingine akasema hata shangazi yake wa Wait-a-Bit yalimtoka ya namna hiyo hiyo. Novlet alivaa miwani, akabonyeza wayo hapa na pale kwa vidole vya kiuguzi, akavua miwani.

"Mer, mpenzi, tufikirie kwa pamoja," alisema. "Tukifungua sasa, uchovu wote wa kutoka juu unawarudia watu kwa mpigo. Hapa kuna wenye presha. Kuna mwenye sukari. Mtu akianguka barabarani kwa ajili yako, utajisikiaje?"

Ni kweli Merdell angejisikia vibaya. Hilo ndilo tatizo la watu wazuri kutembea kwa ajili yako: kila unalotaka linakuwa ubaya wako. Mzee Cleveland akasema amewaahidi wanawe wa Toronto kwamba atafika baharini, na hajawahi kuwadanganya wanawe. Mwanamke mmoja akasema yeye goti lake halijauma tangu asubuhi, mara ya kwanza tangu mtoto wake wa mwisho, na anaomba aachiwe hili goti hata kwa siku moja. Alikuwa karibu kulia. Watu walimwonea huruma.

Novlet, anayeamini haki, akaitisha kura. Wanaotaka tuendelee bila kufungua, wanyooshe mikono. Mikono ikapanda. Wanaotaka tufungue. Merdell akanyoosha wake.

"Wewe hutembei, mpenzi," Novlet alisema, akaushusha mkono ule kwa upole na kuuweka kwenye paja la mwenyewe.

Ulibaki mkono wa Verlin, ambao haukuwa umepanda popote. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Merdell alimwita kwa jina. Alimwambia mimi na wewe tumekula sahani moja, siku mama yako alipofukuzwa kwenye nyumba ulilala kitandani kwangu, fungua chako peke yako tu, nipumue kidogo. Verlin alinyanyuka. Uso wake ulikuwa umepumzika kuliko Merdell alivyowahi kuuona. Wanawake wa sokoni huwa hawana uso wa namna hiyo.

"Kilichobaki ni kipande tu, Mer," alisema. "Na kote ni mteremko. Usituharibie siku."

"Ni miguu yangu, Verlin."

"Nani amekataa? Na matembezi ni yako pia. Watu wameacha mashamba yao kwa ajili yako. Unataka waseme huna shukrani?"

Halafu akanyoosha mkono, si juu sana, usawa wa sikio, na Novlet akauhesabu. Bwana Lascelles aliifuta chupa vumbi na kuirudisha rafuni. Alichangia noti mbili, akaomba naye aonekane kwenye picha.

Wakati kundi likijipanga, Everald alizunguka nyuma ya pikapu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa na kitambaa, maana dereva hatembei. Alimuuliza binamu yake kama ageuze gari warudi nyumbani. Merdell alilifikiria jambo hilo. Nyumbani angeungua vilevile, tofauti ni kwamba angeungua kitandani, bila upepo, na jioni Duncan Gap yote ingepita dirishani ikisema yule ndiye aliyewakimbia waliokuwa wakitembea kwa ajili yake. Alimwambia endesha. Everald akaendesha.

Kutoka hapo njia inapita katikati ya mashamba ya miwa, bila kivuli, na lami ni chakavu. Malengelenge ni kitu kinachorudi kwa mwenyewe kitambaa kikifunguliwa. Nyama ikishaisha hairudi kwa mtu yeyote, na hilo pia kila mtu alilijua. Vidole vya Merdell vilianza kupungua kwenye mashamba ya kwanza ya miwa. Havikutoka damu. Vilisagika polepole kama sabuni ya kufulia, kwanza vidogo, kisha vile vikubwa, na unga wake mwepesi ulipeperuka nyuma ya pikapu ukatua kwenye viatu vya watembeaji. Waliupangusa. Waliimba wimbo wa kuvuka mto, sauti ya pili ikashikwa vizuri sana na Verlin. Merdell alilia kwa maumivu, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, baadhi yao walidhani ameguswa na wimbo, wakaongeza sauti.

Wakulima wa miwa walisimama na mapanga yao, wakavua kofia. Mmoja aliuliza huyo mama anakwenda wapi. Akajibiwa kwamba anasaidiwa.

Bahari ilipoonekana, visigino vilikuwa vimekwisha. Pikapu ilipofika ufukweni, miguu ya Merdell iliishia kwenye vifundo, safi, mviringo, kama iliyopigwa randa na fundi seremala. Everald alimnyanyua na kiti chake, akamweka mchangani. Kulikuwa na supu ya kichwa cha mbuzi na ndizi mbichi, kulikuwa na vikombe vya karatasi. Novlet alipiga simu mbili, akarudi akitabasamu, akatangaza kwamba mchango umetimia na nafasi ya upasuaji wa nyonga imepatikana. Watu walipiga makofi. Wengine walimkumbatia Merdell, wengine wakamshika mkono, na wote walikuwa na afya tele, mashavu yanang'aa. Nyonga ilikuwa imepatikana. Atasimama juu ya nini, hakuna aliyeuliza.

Wakati wa picha, mtu alimfunika Merdell miguu kwa taulo. Novlet aliangalia kwenye simu, akarudi, akaliondoa taulo. Alieleza kwamba watu wa ng'ambo hutoa zaidi wakiona. Akamwomba Merdell atabasamu, lakini asitabasamu sana.

Basi la kukodi lilikuwa limeegeshwa chini ya minazi, tayari kuwarudisha milimani. Mzee Cleveland aliliangalia, akacheka. Alisema yeye miguu yake haijui kama imetembea, angeweza kurudi alikotoka kwa hizi hizi. Yule mwanamke wa goti akasema hata yeye. Verlin akaruka mara mbili pale mchangani, kuonyesha. Novlet alisimama akiwaangalia, na ilionekana wazo likimwingia.

"Basi na turudi kwa miguu," alisema. "Safari ya kuja ilikuwa ya nyonga. Ya kurudi iwe ya nyayo zake. Jamani, tumwache hivi hivi?"

Hawakutaka kumwacha hivi hivi. Basi likaambiwa liondoke. Watu walikaza kamba za viatu, na Novlet akapita akikagua vitambaa kimoja kimoja kuona kama vimeshika.

Alipofika kwenye kiti, Merdell alimshika mkono. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Novlet, nyayo zimekwisha. Uchovu wenu utaingilia wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na Novlet hakulipuuza. Alichuchumaa mchangani, akavaa miwani, akamshika Merdell muundi wa kushoto, kisha wa kulia. Aliugongagonga kwa kifundo cha kidole, akiwa ameinamisha sikio.

"Hapa bado kuna mfupa mzuri," alisema.

Everald alipakia kiti. Verlin alipanda kumwekea rafiki yake mwavuli sawa, jua la alasiri lisimpige machoni, akamfuta jasho, akashuka kujiunga na wenzake. Spika ikawashwa, pikapu ikageuza pua kuelekea milimani. Watu wa Salt Bay walitoka nje wakampungia. Merdell, ambaye mama yake alimlea vizuri, aliwapungia wote, kulia na kushoto, na walipoufikia mlima wa kwanza joto lilikuwa limeshavuka nusu ya miundi, likipanda.